Waya wa Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Liuli.

Kamati ya ukumbi wa kanisa inatafuta fundi umeme. Tumebaki wawili: mimi Florian, na Emerensiana. Yeye hushikiza waya kwa klipu za chuma. Mimi kwa plastiki, nyeupe, nzuri kama meno ya mtoto.

Nimepata wazo lililonishangaza mwenyewe. Jikoni kwa mama mkwe, juu ya jiko, kuna waya aliofunga Emerensiana. Nitafunga wangu juu ya mlango. Kisha nimwalike Mzee Tobias, mwenyekiti wa kamati, aje kula dagaa wa usipa na kulinganisha.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimemaliza kufunga taa na waya wake. Umenyooka! Nimeutazama mpaka chai ikapoa. Mama mkwe akauliza taa ya pili ya nini na ya kwanza inawaka. Nikasema ni maendeleo.

Emerensiana alipita, akatazama juu, akauliza kama nimeweka walau klipu moja ya chuma. Nikamjibu plastiki haishiki kutu. Akasema hakuwa anawaza kutu. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Agosti.

Naandika nikinuka moshi.

Mzee Tobias alifika. Nikampa shikamoo, nikamkalisha karibu na mlango, papo chini ya kazi yangu. Mama mkwe akageuka kuchukua chumvi. Mafuta ya kukaangia yakashika moto, moto ukapanda hadi dari.

Nilikimbia kuzima swichi kuu. Niliporudi, moshi mzito, na klipu zangu zinadondoka kama nta. Waya wote ukaanguka mlangoni, ukamnasa Mzee Tobias shingo na mkono. Mama mkwe yuko nyuma yake, hana pa kupita. Mzee akaniita jina, kwa sauti ndogo. Nikavuta. Ukakaza zaidi.

Emerensiana, aliyeuona moshi akiwa njiani, akaja mbio na koleo. Akakata. Tukawatoa. Majirani wakauzima moto kwa mchanga.

Baadaye niliingia peke yangu. Waya wake ulikuwa juu ya jiko penyewe, palipowaka zaidi. Ganda limeungua, jeusi tii. Lakini bado uko juu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna klipu iliyoachia. Nikavua kofia.

Emerensiana akasimama kando yangu.

“Kaka Florian,” akasema, “watu wakikimbia moto hawaoni mbele. Waya usiwaangukie. Kila kinachoushika kiwe kisichoyeyuka.”

Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 10 Agosti.

Kazi ya ukumbi kapewa Emerensiana. Mzee Tobias, bendeji shingoni, aliniombea kanisani kwa jina. Watu wote wakageuka. Mama mkwe anazungumza nami kupitia mke wangu tu, hata tukiwa meza moja.

Jumanne, 12 Agosti.

Nimeruhusiwa kufunga upya waya wa jikoni. Sasa ni chuma kitupu! Usiku na mchana nawaza ule waya mweusi uliokataa kuanguka. Mimi ni mtu mwingine.

Ila kutoboa ukuta kwa kila klipu ni kazi ya punda. Nikafikiri. Gundi! Nimezibandika zote kabla ya chai ya saa nne, bila tundu hata moja. Nikavuta kwa mikono miwili, zikashika. Nilibaki nimesimama, nastaajabia kipaji nilichojaliwa.

Mchana bati lilipopata joto, tatu zikateleza kidogo.

Nimeongeza gundi.