Nilivyoupima Mkaratusi wa Mama Kabula

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe. Moyo ndiyo kwanza unatulia. Acha niwasimulie mwenyewe kabla habari haijafika huko kwenu Mirongo ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua ninavyohangaika kutafuta nafasi ya kusomea miti. (Ninyi mnaita kusomea kuni. Sawa.) Nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu kimoja cha misitu, cha mitumba, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Sasa Mama Kabula, yule mfanyabiashara wa dagaa aliyejenga gesti ufukweni Ilemela tangu mambo yawe ruksa, ana mkaratusi mrefu karibu na geti. Anaogopa siku ukianguka utavunja vyumba vyake vipya. Mtu wa msumeno alikuwa aje kesho. Nikamwomba asiukate kwanza, nimpimie.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Ukinionyesha kwamba haufiki kwenye vyumba, nakulipia chuo cha misitu. Ukinibabaisha, usikanyage hapa tena."

Basi leo nimefika asubuhi, shati limepigwa pasi mara mbili. Mama Kabula alikuwa kwenye jiko la nje, kule upande wa geti, anakaanga sato. Leo walikuwa wanakuja wageni wa posa ya binti yake, Kabula.

"Wanafika saa nane," akasema. "Mathias, uwe umemaliza. Sitaki vituko mbele ya wakwe."

Kitabu kinasema hivi: ukitaka kujua ncha ya mti itaangukia wapi, uupe mti mgongo na utembee kuuacha. Kila ukisogea kidogo, unainama na kuchungulia nyuma katikati ya miguu yako. Pale unapoanza kuiona ncha, ndipo itakapofika mti ukianguka. Hakuna kamba, hakuna mashine. Shingo tu. (Kuhusu heshima hakisemi kitu. Labda ilikuwa kwenye zile kurasa za mwanzo.)

Nikaanza kwenye shina, nikaelekea vyumbani. Nikainama. Sioni ncha. Nikasogea, nikainama tena. Ile pale! Na vyumba bado viko mbali mbele yangu!

Mtu wa kawaida angeishia hapo akaenda kuomba sato. Mimi je? Nikajiuliza: kama nilikunja magoti? Nikarudia. Kama ni viatu? Nikavua, nikarudia. Kama ni upepo umeipindisha ncha? Nikasubiri upepo utulie, nikarudia. Jibu lilikuwa lilelile. Wasiwasi ndio uliokuwa mpya kila mara. Saa nane ikanipita nikiwa kichwa chini.

Damu imenijaa masikioni, nikaona viatu. Viatu vyeusi, vinang'aa, jozi nyingi, vinaning'inia juu kama popo. Chini ya viatu, suti. Chini ya suti, nyuso.

Wakwe! Wameingia getini, wamesimama chini ya mkaratusi, na mimi nimewaelekezea makalio!

Mwenye akili angesimama. Kwangu malezi yalitangulia akili.

"Shikamooni!"

Kutoka katikati ya miguu, jamani!

Mzee aliyetangulia, mrefu, mwenye fimbo, akajibu kwa mazoea, "Marahaba." Halafu akashtuka. "We kijana! Hapa ndivyo mnavyopokea wakwe?"

Mama mmoja nyuma yake akajifunika uso kwa kitenge. "Ndiyo nyumba ya kuoa hii?"

Nikainuka haraka, kizunguzungu kikanishika, nikakaa chini puu. Nikajieleza nikiwa palepale vumbini.

"Mzee, samahani sana. Nilikuwa napima mti."

"Unaupima na nini?"

"Na macho, mzee."

"Macho yako yako huko?"

Yule mama wa kitenge akaanza kutikisika mabega. Mimi nilikuwa karibu kulia. Chuo kimekwenda, nikawaza, na posa ya watu nimeivunja. Nikaeleza yote, gesti, msumeno, kitabu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa mwenzake fimbo.

"Kanisani kwetu kuna mvule. Kila upepo ukivuma tunabishana tuukate au tuuache. Hebu nionyeshe unasimama wapi."

Akainama. Na suti yake!

"Eh! Naiona! Njooni muone!"

Wakaja. Mmoja mmoja, wazee wazima, wakajipanga pembeni yake.

Ndipo Mama Kabula alipotoka jikoni na birika la maji ya kunawa. Akakuta wakwe zake kwenye mstari, makoti yamepanda mgongoni, makalio yote yanamtazama yeye.

"Mathias! Umewafanya nini wageni wangu?"

Mzee akamjibu bila kuinuka. "Mama Kabula! Mti wako haufiki vyumbani. Usiukate!"

Mama Kabula akaweka birika chini, akashika nguzo ya jiko, akacheka mpaka machozi.

Posa imepokelewa. Mtu wa msumeno ameambiwa asije. Na mimi nakwenda chuo, jamani, nakwenda! Nilipokuwa naaga, Mama Kabula akanifungia sato kwenye gazeti. "Nenda ukasome, mwanangu. Huenda kuna namna ya kupima ukiwa umesimama."

Sasa nawaomba msinicheke. Na tukikutana mjini, nitakuwa wa kwanza kuwasalimu, safari hii kwa upande wenye uso.