Mzimu wa Korea Haombi Radhi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeonewa! Kisa ni filamu ya Kikorea niliyotafsiri juzi kwenye ukumbi wa kanisa, Thornton Heath, huku ughaibuni. Kikorea sijui. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha sisomi, yanaua utamu. Mtafsiri wa kweli, kama wale wa vibanda vya video kwetu Bukoba, huangalia mdomo unavyocheza akatia maneno. Basi nikampa mama mkwe matusi makali mwanzo hadi mwisho. Dakika za mwisho, kumbe mama mkwe alishakufa kabla filamu haijaanza! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakorea wangesema mapema.

Sasa Mama Sidonie, Mkongo mwenye funguo za ukumbi, ameamua Jumamosi hii tugawane kipaza sauti na Shiraz. Shiraz! Mtu wa Mombasa anayekaa Tooting, anasoma maandishi yote mpaka majina ya wapishi mwishoni mwa filamu. Atakayepigiwa makofi zaidi ndiye atakayebaki na kipaza.

Sikubali. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, msimamizi wangu Emma ananielekeza hata namna ya kukunja taulo, nami naitikia tu. Jumamosi ndiyo siku pekee watu wananyamaza nikisema. Hiyo sitoi.

Jumatano, 8 Oktoba

Ubishi kwenye simu. Shiraz anadai mzimu wa nywele usoni ni mali ya Wajapani, Wakorea wamedandia. Nikamwambia mwali wa Kikorea aliyekufa bila kuolewa anatembea na nguo nyeupe na nywele zimefumuliwa tangu enzi za mababu zao. Tena ana kinyongo na mtu maalumu. Ukimtendea haki, anaondoka. Wa Japani anamrukia hata fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji! Shiraz akasema nchi hizo zinaazimana mizimu miaka yote, Hong Kong na Thailand zimo, hivyo ubishi hauna maana. Jibu la aliyeshindwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango! Zamu ya Shiraz, katikati ya filamu yake ya Kijapani, mzimu halisi atatokea nyuma ya pazia. Watu watakimbia. Ukumbi mtupu haupigi makofi. Nimenunua nywele za bandia, ndefu hadi kiunoni. Nguo nyeupe ninayo: kanzu niliyovaa kwenye harusi ya kaka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Zamu yangu ilikwenda vizuri. Nilimpa kila mtu maneno, hata mbwa. Makofi ya kutosha.

Zamu ya Shiraz. Nikalowesha nywele kwenye sinki la jikoni, nikatoka nyuma ya pazia nikitambaa.

Alikimbia mtu mmoja tu, Makena, nesi wa Kikenya. Nilisahau kina mama wa Kongo, waombaji wenzake Mama Sidonie. Hawa hawakimbii pepo, wanamfuata! Wakanizunguka, wakanishika kichwa, wakakemea. Mafuta ya upako yakaniingia machoni. Nikajaribu kurudi nyuma. Wakasema pepo anataka kutoroka. Shiraz hakuacha kipaza. Akatangaza kwamba mzimu sasa anapakwa mafuta, mzimu sasa anaomba maji kwa Kihaya. Watu walicheka hadi machozi. Ikabidi nianguke, kama wanavyoanguka waliofunguliwa. Nywele zikabaki mkononi mwa Mama Sidonie.

Akainama, akanitazama vizuri, akauliza kwa Kiswahili cha kwao. "Ah, njo wewe, Laurean? Basi tuendelee kuomba."

Wakaendelea.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama Sidonie amepiga simu. Kipaza ni cha Shiraz. Eti makofi makubwa kuliko yote yalipigwa nilipoanguka. Imeniuma, sitaficha.

Kisha akapiga Shiraz mwenyewe. Kwa upole kabisa akasema tukae pamoja: yeye asome maandishi, mimi nitie vionjo, kwa sababu sauti yangu hana. Nikamwambia mtafsiri haazimwi. Nikakata simu. Huruma ya adui ni mtego!

Jumatatu, 13 Oktoba

Kosa nimeliona. Nilipeleka mzimu wa Korea kwenye filamu ya Japani! Lazima ingeharibika. Na tena nilitambaa chini, mahali ambapo mikono ya kina mama inafika.

Thailand na Malaysia wana mzimu ambaye ni kichwa kitupu, kinaruka hewani, matumbo yananing'inia. Huyo nani atamwekea mikono? Dari la ukumbi lina ndoano. Kamba ninayo.

Baada ya kazi nimekwenda Tooting kwa Ravinder, mwenye bucha, kuagiza matumbo ya ng'ombe ya Jumamosi. Akauliza nataka yakatwe vipande vya ukubwa gani. Nikamwambia yasiguswe, yaachwe marefu. Akauliza tutakula watu wangapi.

Nikamwambia hayaliwi. Yanavaliwa.