Moyo wa Njano wa Hakimu Umehamia Buchani

Koboko, nyuma ya soko
Jumatatu

Kwa Waheshimiwa Wenye Programu ya Kutumiana Picha,

Salaam nyingi. Naandika mimi Fadhul, mzee pekee Koboko nzima anayezijua alama zenu zote bila kufundishwa na mtu. Basi, nisidanganye kwenye karatasi. Alinifundisha mjukuu wangu Sumayah, mara nne, na mara ya nne alikuwa analia. Shule niliishia darasa la nne. La tano nililiona dirishani tu. Lakini kulalamika hakutaki cheti.

Kitu iko hivi. Mnaweka vijipicha kando ya majina ya watu ili kupima urafiki wao. Moyo wa njano: yeye ni rafiki yako wa kwanza, na wewe ni wa kwanza kwake. Moto wenye namba: mmetumiana picha siku hizo zote bila kukosa. Hapa kwetu hakuna aliyewaomba kupima. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlimpa Driwaru mtoto. Huyu ni jirani yangu, mjane wa miaka sabini na mbili. Alipojiunga, kando ya jina lake kikatokea kichwa cha mtoto mchanga. Mimi mtu wa adabu nikapeleka sabuni na sukari kama ilivyo desturi kwa mzazi, nikampa hongera mbele ya wageni wake wa kanisani. Baadaye Sumayah akanieleza kwamba mtoto maana yake ni urafiki mpya. Sukari haikurudi.

2. Mmemwondoa Hakimu moyo. Hakimu anakaa Arua, ni rafiki yangu tangu ukimbizini. Kule ng'ambo ya mpaka, upande wa Kaya, tulimzika mwenzetu aliyeoshwa na watu wasiojua hata jina la baba yake. Siku ile tukaapiana: atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atamwosha. Miaka zaidi ya arobaini nimelala bila wasiwasi kwa sababu naujua mkono utakaonigeuza. Wiki tatu zilizopita moyo wa njano ukatoka kwenye jina lake. Sikuuza, sikutoa sadaka. Mmeuchukua ninyi.

3. Kwenye jina la Shafiki mmeweka uso unaokenua meno. Maana yake, anasema Sumayah, rafiki yangu wa kwanza ndiye wa kwanza kwa Shafiki pia. Yaani Hakimu. Shafiki ana bucha Arua. Mimi simsengenyi mutu, ila nimekula matumbo yake nyumbani kwa Hakimu na najua anavyoosha. Sasa Hakimu akitangulia ataoshwa vile. Nikitangulia mimi, sijui nani. Mtu hawezi kujiosha.

4. Nilimwendea sheikh, nikaomba atangaze baada ya swala ya Ijumaa kwamba nafasi ya mwoshaji wangu iko wazi. Akataka ushahidi. Nikamwonyesha simu. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza ule moto unapatikanaje. Tangu siku ile akawa ananitumia picha ya kandambili zake kila alfajiri, na mimi sikuweza kumnyima jibu, ni sheikh.

5. Moto wangu na Hakimu ulikuwa umefika siku mia moja na kumi na mbili. Yeye hutuma kikombe chake cha chai, mimi changu. Moyo ulipoondoka niliendelea kutuma, lakini kikombe nilikigeuza chini ili aelewe. Hakuelewa. Alhamisi nikaacha kabisa. Mkaleta saa ya mchanga kunitisha kwamba moto unakufa. Nimewahi kutishwa na watu wenye bunduki, waheshimiwa. Nikazima simu, nikaifungia sandukuni.

Kwa hiyo naomba alama zote ziondolewe, kutoka Oraba mpaka Arua. Ikishindikana, mtume mfanyakazi wenu mmoja mwenye mikono laini aje akae hapa kwangu asubiri nife, anioshe. Chakula tutampa.

Wasalimieni wake zenu na wazazi wenu, pia yule anayechora hizo nyuso. Mwambieni zote zinaonekana zina ugonjwa wa ini. Driwaru anawasalimu, hajajifungua.

Ni mimi, mlalamikaji wenu mwenye heshima,
Fadhul

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Hakimu ameingia, ameshuka kwenye taksi ya Arua na sabuni, pamba na kafuri mkononi. Aliponikuta nimekaa naandika alikasirika sana. "Siku nne hakuna picha, simu haiingii," akasema. "Nimeacha kazi zangu nije nikuoshe, kumbe wewe iko mzima, mzee wa hovyo." Nikamuuliza habari za Shafiki. Kumbe Shafiki humtumia kila asubuhi picha ishirini za nyama achague, na ninyi mnahesabu picha tu. "Shafiki ni nyama," akasema. "Wewe ni maiti wangu."

Basi alama ziacheni. Ule moto usingezimika, asingekuja. Ila sasa tumekaa hapa na vikombe viwili, na Sumayah anasema tunaanza tena moja. Sisi wazee siku mia na kumi na mbili tutazitoa wapi? Nimewatumikia siku zote hizo bila mshahara wala kukosa hata moja, kwa hiyo fadhila ndogo mnadaiwa: turudishieni namba yetu.