Kuhusu Paa Wasiotaka Kuinama

Kijiji cha Mwabujiku,
Segese.
9 Februari, 1976

Ndugu Bwana Nyama wa Wilaya,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Mimi ni Marcelino Bujiku, mkulima wa pamba. Naleta malalamiko dhidi ya paa wa kijiji hiki, ambao wako chini ya ofisi yako ingawa tabia zao hazionyeshi.

Mwaka juzi wakulima wenzangu walinichagua niende Japani kuona pamba inavyogeuzwa nguo. Siku ya mapumziko tulipelekwa Nara, mji wa kale, kwenye bustani kongwe yenye mahekalu. Humo paa wakubwa kama ndama hutembea watakavyo katikati ya watu. Niliwatazama masikioni nione alama ya mwenye mifugo. Nikaambiwa hawana mwenyewe, na hakuna anayewala. Ukiwaonyesha biskuti wanakuinamia. Mimi nimelelewa kumjibu kila anayeniamkia, kwa hiyo nilisimama nikiwajibu mmoja mmoja mpaka dereva akapiga honi.

Niliporudi nilisimulia mkutanoni. Wakacheka. Nikaapa kwamba hata paa wetu wakiheshimiwa wataheshimu, nikapiga marufuku mtu kuwafukuza shambani kwangu. Matokeo ni haya:

1. Wamekula kunde zote na viazi karibu vyote. Hakuna aliyeinama, isipokuwa kwa ajili ya kutafuna.

2. Kila asubuhi nawanyooshea biskuti za dukani. Paa wananitazama tu. Wanaoniinamia sasa ni wanangu, tena vizuri sana.

3. Jirani yangu Nkwabi ananiita Baba Paa, mbele ya wakwe.

4. Mke wangu Epifania anasema viazi hivyo ndivyo vingekaushwa kuwa michembe yetu ya kiangazi. Jumamosi anarudi kwao Ushirombo pamoja na watoto, mpaka nikiri hadharani kwamba nilidanganya. Siwezi kukiri, kwa kuwa niliona kwa macho yangu. Kukaa bila yeye pia siwezi, na hilo naliandika wazi ingawa kazi yako ni wanyama.

Kwa hiyo naomba uje uwaonye paa hawa wewe mwenyewe. Wakikaidi, Serikali iazime paa wawili wa Nara, wenye uzoefu, waje kuwafundisha. Aidha, itolewe amri kwamba yeyote atakayemdhuru paa wa Mwabujiku ashitakiwe, bila kujali cheo wala undugu.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto, na askari wako walioko porini.

Wako mtiifu katika kujenga taifa,
Marcelino Bujiku

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha paa mmoja alipofika mlangoni. Nilimnyooshea biskuti, akaniinamia, akarudia tena, sawasawa na wale wa Nara. Nikamwita Epifania ashuhudie. Alikuja na mchi aliokuwa akitwangia, Nkwabi akimfuata nyuma. Akamtazama paa akiinama, akatamka mbele ya Nkwabi kwamba kumbe mume wake si mwongo, kisha akampiga yule paa kwa mchi. Jumamosi hasafiri tena. Ile amri ya kushitaki naomba ianze mwezi ujao. Paja moja tumekukaushia.