Maji Baridi Yamemfungua Mume Wangu Kinywa

Mji wa Leer, Jumanne

Ndugu Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, nakuandikia kwa vidole vilivyosinyaa kwa sabuni. Mashine ya kuoshea vyombo mliyotuuzia imegoma kupasha maji, na madhara yaliyonipata ni haya:

1. Vyombo vinatoka na mafuta yale yale vilivyoingia nayo. Juzi niliwapikia wakwe sukumawiki na soseji. Wageni wameshaondoka, sahani bado zinawakumbuka.

2. Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniuliza, "Bi Oltmanns, lakini umeiwasha?" Nikamjibu inanguruma kama trekta. "Basi safisha chujio, tia chumvi, chagua joto kali." Nikafanya yote. Nikafungua mlango katikati ya kazi, nikatia mkono: baridi kama mto Ems mwezi wa Januari. "Aa, hicho ni kipasha maji kimekufa," akasema. "Fundi atakuja." Hakutaja karne.

3. Hapo ndipo msiba ulipoanza. Ikabidi tuoshe kwa mikono, mimi nikisugua, mume wangu Habbo akikausha. Habbo ni mtu wa huku kwetu: akishakusalimu asubuhi, maneno ya siku yamekwisha. Sasa kasimama ubavuni mwangu na kitambaa, hana pa kukimbilia, akaanza kusema! Kwanza hali ya hewa. Kisha, "Gesine, mimi sukumawiki siipendi, ujue." Miaka thelathini anaomba aongezewe! Nikamuuliza, "Sasa ulikuwa unakula ya nini?" Akasema, "Si ulikuwa unaniangalia."

4. Tangu hapo hashikiki. Ameniambia kuwa siku binti yetu alipohamia Hamburg alijificha gereji akalia. Mimi nami nililia, bafuni. Nyumba moja, vilio viwili, hakuna aliyemsikia mwenzake! Ndugu, mwanamke wa umri wangu hanunui mashine ili aanze kujuana na mumewe. Kijitabu chenu cha maelekezo hakikutaja hatari hii.

Kwa hiyo nadai fundi aje mara moja, anirudishie joto la maji na ukimya wa nyumba yangu.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule wa "umeiwasha?"

Wako katika povu,
Gesine Oltmanns

Tanbihi: Fundi amefika kabla sijafunga bahasha. Maji yanachemka, sahani zinang'aa, na Habbo yuko sebuleni mbele ya televisheni. Nimemwita mara mbili, ameitikia, "Mm." Tafadhali, mrudisheni yule fundi na bisibisi yake, aje aking'oe hicho kipasha maji.