Roketi ya Kabichi

Jumanne, 10 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, naangalia siku kama ya leo kulitokea nini duniani. Kisha nasherehekea. Peke yangu, kimya kimya, chini ya shuka.

Leo ni simu! Mwaka 1876 mvumbuzi alimwita msaidizi wake kwa simu, na msaidizi akaja. Raha iliyoje.

Sasa Mwalimu wa historia ametangaza kwamba Jumatatu atachagua mtu wa kushika Dakika ya Historia mstarini, mbele ya shule nzima, mpaka muhula uishe. Naitaka kuliko kitu chochote. Tatizo ni kwamba nikisimama mbele ya watu, sauti yangu hukimbia na kuniacha pale pale. Mpinzani wangu ni Redio, ndivyo tunavyomwita, tunasoma naye darasa moja. Historia haijui, anasoma tu kalenda ya ukutani kwao. Lakini akisema habari za asubuhi, hata mpishi wa shule huitikia kutoka jikoni.

Mpango: nisiseme mimi. Vitu viseme.

Jioni nikaunganisha makopo mawili ya maziwa kwa uzi. Moja nikampa Kaka uani. Nikanong'ona kwenye langu: njoo, nakuhitaji. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikapiga ukelele. Akaja Kaka, akaja Mama na povu mikononi, akaja Bibi na kiatu kimoja. Wote wakauliza nani ameanguka.

Yule mvumbuzi alijiwa na mtu mmoja. Mimi watatu! Kaka anasema hiyo si simu, ni makelele. Wivu.

Alhamisi, 12 Machi

Mwaka 1930, siku kama ya leo, watu walianza safari ya miguu kwenda baharini kutengeneza chumvi yao wenyewe bila ruhusa ya wakoloni. Nikaamua kuchemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, Jumatatu niinue chumvi juu bila kutamka neno. Nikabandika sufuria jikoni, nikaenda kusoma zaidi. Kitabu kikanoga.

Bibi akakuta maji yanachemka. Akashukuru. Akatia majani ya chai.

Fundi cherehani alikuwa amekuja kumpima Mama. Akapiga funda moja, akatazama ukuta, akasema kwa adabu kwamba ameshiba. Bibi akapiga la kwake. Akaniita mke mwenzangu, jina analoniita akifurahi na akikasirika, na hapa hakuwa amefurahi. Akauliza kama nataka kumuua ili nibaki na mume peke yangu. Babu, ambaye ndiye huyo mume, alicheka hadi akapaliwa.

Chumvi haikubaki.

Ijumaa, 13 Machi

Siku kama ya leo mwaka 1781, mpiga muziki mmoja aliona sayari mpya akiwa bustanini kwake. Mimi nimemwona Redio.

Nieleze vizuri. Tarehe 16 Machi 1926 ilirushwa roketi ya kwanza duniani yenye fueli ya kimiminika. Ilikaa hewani chini ya sekunde tatu, ikaangukia kwenye kabichi. Kabichi! Na Jumatatu inatimia miaka mia kamili! Na nyuma ya uwanja wetu wa mstari kuna kabichi za Mwalimu Mkuu, anazozipenda kuliko sisi!

Ili nirushe ya kwangu nahitaji chupa ya soda, maji, kizibo na pampu. Nikakimbia kwa fundi baiskeli kuazima pampu. Kumbe ni mjomba wake Redio, na Redio mwenyewe amekaa pale kwenye tairi. Akasema nitapewa, mradi yeye ndiye apige pampu. Nikamuuliza kwa nini. Eti anataka tu kuona.

Mpelelezi huyo! Lakini pampu ni yao. Nikakubali.

Jumapili, 15 Machi

Redio amekuja nyumbani kushauri tuijaribu kwanza. Nikamweleza kwamba ya kwanza haijaribiwi, ikijaribiwa inakuwa ya pili. Akakuna kichwa. Bibi akamkaribisha chai, akamhakikishia kwamba hii kapika yeye.

Jumatatu, 16 Machi

Sijui nianzie wapi!

Mstarini. Redio akaitwa wa kwanza. Akasema leo anamwachia mwenzake, yeye ni wa pampu tu. Nikafungua mdomo. Sauti ikakimbia kama kawaida. Nikamwonyesha kwa kidole: piga.

Akapiga. Chupa ikatulia. Akapiga tena. Mwalimu Mkuu akasogea, akainama kuuliza ni nini hiki na nani ameruhusu.

Puuu!

Maji yote yakammwagikia yeye. Chupa ikapaa, ikapinda juu ya vichwa vya darasa la mwisho, ikashuka. Katikati ya kabichi!

Hapo nikajisahau. Nikakata mistari yote mbio, nikarukia shambani, nikainua chupa na kupiga kelele kwamba ni kabichi kweli, kama mwaka 1926, kwamba majirani walimcheka yule mtu wa roketi na baadaye roketi zikafika mwezini! Shule nzima ikashangilia. Mpishi akatoka na mwiko wake. Ndipo nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya kabichi mbili.

Jumanne, 17 Machi

Hukumu imetoka. Nitamwagilia kabichi mpaka muhula uishe. Na Dakika ya Historia ni yangu! Mwalimu wa historia amesema sauti ile aliisikia hadi kwenye mifupa, lakini kwa sharti: kuanzia kesho ni mdomo mtupu, hakuna cha kuruka wala cha kulowesha wakubwa. Nikamwambia nimejifunza, Mwalimu. Akaniamini.

Kesho ni 18 Machi. Mwaka 1965, siku hiyo, mtu alitoka nje ya chombo angani kwa mara ya kwanza, amefungwa kamba.

Kamba hairuki. Wala hailoweshi mtu.

Kwa hiyo nimeanua nguo za Mama, nimefungua kamba yake ya kuanikia na kumpelekea Redio. Amekubali kutoka yeye. Tumechagua dirisha la maktaba. Chini yake kuna kabichi, hataumia.