Dola Langu la Uani

Jumatatu, 3 Juni
Salamu nyingi kwako utakayesoma shajara hii. U hali gani? Wa nyumbani hawajambo? Mimi, namshukuru Mungu, mzima wa afya. Ila cherehani yangu imelala. Watu hawashoneshi tena. Wananunua mitumba ya ng'ambo kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tunapanga naye nyumba moja: mimi vyumba vya kushoto, yeye vya kulia, ua mmoja. Marobota yake yamefika hadi mlangoni kwangu! Na sasa kwaya yetu inataka majoho mapya. Mwalimu wa kwaya anakuja Alhamisi kuamua: nishone mimi, au anunue kwa shemeji. Nikiikosa kazi hii, nauza cherehani. Nimeomba sana.

Jioni nikafungua kitabu cha uraia cha binti yetu. Ee Mungu, mbona hukunionyesha mapema! Dola lahitaji watu, ardhi yenye mipaka, serikali, na kutambuliwa na wengine. Watu ninao: mke na binti. Ardhi ipo. Serikali ni mimi. Kutambuliwa kutakuja kwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Baada ya sala ya alfajiri nimefunga kamba uani, ukuta hadi ukuta. Bomba la maji nimelibakiza upande wangu. Akili hiyo! Nikatangaza: nguo ya ng'ambo haivuki. Shemeji katoka na mswaki mdomoni, akauliza kama nimeamka salama. Nikamwambia aiulize serikali. Akasema haya, Mheshimiwa Kamba. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta.

Kabla ya mchana tumbo likanguruma. Ndipo nikaona. Choo kiko upande wa shemeji.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji ameweka kigoda mpakani. Kila nikienda chooni anauliza madhumuni ya safari. Nikasema ni ya binafsi. Akauliza nitakaa siku ngapi! Mama mkwe, aliyekuja kumtembelea mwanawe, akasema kwa sauti kwamba wenzangu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nasema mgeni rudi, halafu nakimbilia choo cha watu.

Mke wangu kahamia upande wa pili. Anaomba hifadhi. Kaenda na sufuria ya mboga.

Binti akaniuliza kwa upole cherehani yangu ilitoka wapi. Nikasema kwa marehemu baba. Akauliza babu naye aliitoa wapi. Nikainama kutazama. Maandishi ya ubavuni hata siwezi kuyasoma. Uzi, ng'ambo. Mkasi, ng'ambo. Sindano, ng'ambo! Nimevipa vyote uraia. Serikali ina huruma.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu wa kwaya amefika. Mama mpole, mcha Mungu, kavaa gauni la maua. Lakini jicho la fundi halilali: nikaona mshono. Mtumba! Nifanye nini? Sheria ni sheria. Nikamwambia, kwa heshima zote, yeye apite, gauni libaki.

Mama mkwe kajifunika uso. Mwalimu akasema ameimba miaka mingi na kusikia mengi, hilo bado. Akageuka, akaingia kwa shemeji.

Nikaketi kwenye cherehani nikalia. Kwa sauti ya chini, maana serikali hailii hadharani.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu ni mwema! Kumbe marobota ya shemeji hayana hata majoho mawili yanayofanana. Ana mapazia tu, ya zambarau, tele, ya hoteli fulani huko ng'ambo. Na pazia haliimbi mpaka lishonwe. Akanyanyua kamba, akapita chini yake, akasema kitambaa anacho, mkono hana, tukae tuzungumze. Mke wangu alikuwa nyuma yake. Ndiye aliyemfuata mwalimu nyumbani kuniombea radhi. Alimwambia mumewe si mtu mbaya, ana cheo tu.

Nimeshona kutwa. Shemeji anapiga pasi. Mwalimu kaja kupimwa, kavaa gauni lile lile. Sikufungua kinywa.

Jumapili, 16 Juni
Kwaya imeimba, zambarau tupu! Nimelia tena, safari hii hadharani. Cherehani haiuzwi: kwaya ya mtaa wa pili nayo inataka majoho. Mhubiri kasema dunia yote ni nyumba moja. Nimelitafakari neno hilo njia nzima, na kosa langu nimeliona.

Kamba ilikuwa fupi. Ningeizungusha mpaka nyuma ya choo, leo tungekuwa na bendera. Vipande vya pazia vimebaki, zambarau inapendeza. Kesho nanunua kamba ndefu. Shemeji anazo imara sana, za ng'ambo.

Limebaki jambo moja, kutambuliwa. Mke wangu kakataa. Binti anasema ana mtihani. Mama mkwe hata sijamuuliza. Nimebaki na wewe tu, ndugu yangu. Tafadhali, ukishasoma haya, nijibu upesi.